Mapaja yanasuguana mpaka yanachubuka: nipake nini, nivae nini?

binti_wa_Isevya

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua, wenye kucheka wapite tu.

Ni mapaja kwa ndani, vidole vinne chini ya kinena, pande zote mbili, ukubwa wa kiganja. Kazi ni ya miguu: Isevya hadi Soko Kuu na kurudi, mzigo kichwani, gauni na chupi basi. Jua la Oktoba la Tabora mnalijua. Jioni maji ya kuoga yakigusa panawaka moto. Ngozi imekuwa nyeusi zaidi na inang'aa, upande wa kulia unatoa majimaji. Usiku panawasha.

Poda imejaribiwa, inaganda kama uji. Ikafuata tyubu ya dukani iliyosemwa "inatibu kila kitu": siku tatu nafuu, wiki ya pili ikarudi na kutanuka kuliko mwanzo.

Naomba kujua: hii ni michubuko au fangasi? Asubuhi nipake nini kabla ya kutoka? Na majirani wanasema asali, wengine mawese, mmoja spiriti. Nani yuko sahihi?

tabibu_wa_zamu

Pole dada. Kwa maelezo yako hapo yamepandana mambo mawili. Msuguano ulifungua mlango, fangasi akaingia. Ukitibu kimoja ukaacha kingine utazunguka palepale.

Tuanze na chanzo, maana wengi hudhani ni unene tu. Ngozi iliyolowa hushikana inapogusana kuliko ngozi kavu. Jasho linapotoka paja haliterezi juu ya paja, linavutana nalo, na kila hatua inakwangua tabaka la juu kidogo. Kisha jasho linakauka na kuacha chembe za chumvi, nazo zinafanya kazi ya msasa. Ndiyo maana asubuhi unatoka salama na saa nane mchana unatembea miguu imetanuka. Wembamba wanaokimbia mbio ndefu huchubuka vilevile, na wajawazito pia.

Kutofautisha. Mchubuko mtupu unauma na kuwaka moto zaidi ya kuwasha, unakaa pale tu mapaja yanapogusana, mipaka yake haieleweki vizuri, na ukipumzika siku 2 hadi 4 unafunga. Fangasi wa aina ya mashilingi huwasha sana, ana ukingo ulioinuka wenye magamba, katikati panaanza kupona huku ukingo unasonga mbele; kwa wanaume mara nyingi mfuko wa korodani husalimika. Fangasi wa aina ya kandida hupenda penye unyevu kabisa: panang'aa, panachoma, na pembeni kuna vipele vidogovidogo vimetawanyika kama vifaranga kumzunguka mama yao. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Utaona weusi uliokolea, zambarau au kahawia, kwa hiyo tumia kidole: gusa palipoathirika ulinganishe na ngozi nzima, utasikia tofauti ya jotojoto, uvimbe na maumivu.

Wewe una majimaji, kuwashwa usiku, kutanuka. Nafuu ya siku tatu kisha kurudi kwa nguvu nayo ni dalili, ila hilo la tyubu nawaachia wenzetu wa dawa.

La kufanya sasa. Palipolowa pakaushwe kwanza, ndipo pakapakwe. Ukipaka mafuta mazito juu ya ngozi inayotoa majimaji umeufungia unyevu ndani. Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, acha yapoe kabisa. Chovya kitambaa safi cha pamba, kamua kidogo, kiweke juu ya kidonda dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku. Ukimaliza gusagusa na taulo, usifute. Kaa na kanga nyepesi bila chupi, miguu imetanuka, hata nusu saa. Kwa kawaida siku 2 hadi 3 majimaji yanakata.

Wapo watakaokuambia PP, ile potasiamu pamanganeti. Ni dawa nzuri ya vidonda vinavyochuruzika, lakini kidonge cha miligramu 400 kinakwenda kwenye maji lita 4. Rangi iwe ya waridi hafifu. Ikifika zambarau imezidi na inaunguza. Chembe ambayo haijayeyuka ikigusa ngozi inachoma shimo. Kucha na beseni vitabaki na rangi ya kahawia, usishtuke.

Majimaji yakikata: osha mara mbili kwa siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato makali, suuza sana, kausha, paka dawa ya fangasi nyepesi kupita ukingo wa kidonda sentimita 2 hivi. Subiri robo saa iingie. Ndipo uweke juu yake malhamu ya zinki, ile nyeupe ya watoto wanaoungua na nepi. Zinki inakinga msuguano na jasho. Ukigeuza mpangilio, zinki ikawa chini, dawa haifiki kwenye ngozi.

Spiriti, ndimu, dawa ya meno, dawa ya kuua vijidudu ambayo haijazimuliwa: hapana zote. Zinaua ngozi changa inayojaribu kuziba. Kuwaka moto kukali siyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

DLDM_Nzega

Mimi ni wa duka la dawa muhimu, nianzie hapo kwenye tyubu ya "kila kitu". Nina hakika karibu asilimia mia ni ile yenye dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama betamethasoni. Steroidi inazima kuwashwa na uvimbe ndani ya siku chache, kwa hiyo mteja anarudi na shukrani. Wakati huohuo imezima ulinzi wa ngozi na fangasi anatanuka kimyakimya. Ukiacha, vyote vinalipuka kwa pamoja. Tena fangasi aliyepakwa steroidi hupoteza sura: ule ukingo wa magamba unafutika, hata mganga anapata tabu kumtambua.

Pajani kuna ubaya wa ziada. Ngozi ya pale ni nyembamba na imefunikwa na ngozi nyingine, ni sawa na kupaka kisha kufunga nailoni juu. Dawa inaingia nyingi kuliko mkononi. Matumizi ya wiki kadhaa yanaleta michirizi kama ya uzazi ambayo haifutiki, na ngozi inayochanika kwa kuguswa.

Geuza tyubu usome nyuma. Kwenye tyubu kama hizi, jina linaloishia na "sone", au klobetasoli, ni steroidi. Haidrokotisoni asilimia 1 ni dhaifu na mtaalamu anaweza kukupa kwa siku chache pamoja na dawa ya fangasi. Peke yake juu ya fangasi, hapana.

Unachotaka ni klotrimazoli asilimia 1 tupu. Kwenye tyubu jina lake linaanza na herufi C, siyo K. Inashika mashilingi na kandida, kwa hiyo usipokuwa na uhakika ni yupi, hiyo ndiyo salama. Mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, na ngozi ikionekana safi endelea wiki 1 au 2 mbele. Hapo ndipo watu wanapoanguka: wanaacha siku kuwashwa kunapokwisha. Mikonazoli asilimia 2 hutumika vilevile. Terbinafini inamaliza mashilingi haraka, wiki 1 hadi 2, ila kwa kandida siyo chaguo zuri. Nistatini ni kinyume chake, kandida tu. Vidonge vya grisiofalvini havimgusi kandida kabisa, na watu wanavimeza miezi.

Malhamu ya Whitfield ni ya bei nafuu na inasaidia mashilingi ya mgongoni au mguuni. Usiiweke pajani penye mchubuko. Ina asidi, utaruka.

Kipimo: dawa ya kufunika kidole cha shahada kuanzia ncha hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Mapaja yako mawili yanahitaji hiyo nusu gramu kila unapopaka, gramu 1 kwa siku. Tyubu ya gramu 20 itakaa siku 20. Ikiisha wiki moja unapaka nene mno, na unene hauongezi nguvu, unaongeza unyevu. Ikifika mwezi bado ipo, unadonoa.

Angalia na nyayo. Fangasi wa katikati ya vidole vya miguu hupanda pajani kwa njia ya chupi unapoivaa. Tibu miguu sambamba, na ukivaa soksi, vaa soksi kwanza ndipo chupi.

fundi_cherehani_Ngambo

Wataalamu wa dawa wamesema, ila dawa bila nguo ni kuchota maji kwa pakacha. Kesho asubuhi paja litarudi juu ya paja.

Unahitaji bukta ya ndani, inayobana kiasi, chini ya gauni. Taiti za mitumba zinafaa kama bado ni laini. Pitisha kiganja ndani ya paja, ukisikia vipunjepunje vya kitambaa kilichochakaa, acha, hivyo ni msasa. Taiti nzuri ikatwe sentimita chache juu ya goti na usiikunje pindo, kitambaa cha kuvutika kama hicho hakichomoki nyuzi ovyo. Ukiona mshono wa ndani unakuuma, igeuze, mishono iwe nje. Nani anaona chini ya gauni?

Ya kushona ndiyo ninayoipendekeza. Kitambaa cha tisheti chenye kuvutika, pamba asilimia 92 hadi 95 na iliyobaki spandeksi. Kwa upana wa sentimita 150, sentimita 65 zinatosha mtu wa nyonga 110. Pima nyonga, pima paja panapojaa ukiwa umekaa (siyo umesimama, paja likikaa linatanuka), kisha punguza: nyonga toa sehemu moja ya kumi, paja toa sehemu moja ya ishirini. Mfano paja 66, kata 63. Mguu ushuke sentimita 20 chini ya msamba. Bukta fupi ya sentimita 8 inaishia palepale pa kusuguana, kwa hiyo pindo lenyewe ndilo linalokukata.

Siri iko katikati. Bukta ya kawaida ina mishono minne inayokutana kwenye msamba na mshono mmoja unaoshuka ndani ya paja, yaani fundi amekuwekea kamba mahali pabaya kuliko pote. Kata kipande kimoja kirefu kinachoanzia pindo la mguu wa kushoto, kinapanda, kinapita msambani, kinashuka hadi pindo la mguu wa kulia. Urefu 44, upana 12 katikati ukipungua hadi 8 kwenye mapindo. Mishono yote inasogea mbele na nyuma, ndani ya paja panabaki kitambaa kitupu. Hakikisha mvutano wa kitambaa unazunguka paja, usipande juu na chini, la sivyo utashindwa hata kuchutama.

Sindano iwe ya jezi, yenye ncha butu. Sindano ya kawaida inatoboa uzi wa kitambaa na wiki ya tatu utaona vitundu kando ya mshono. Mshono wa zigizaga upana wa milimita 2.5 au 3, ama ovaloku. Wenye cherehani ya kukanyaga ya mshono mnyoofu: legeza uzi kidogo na vuta kitambaa taratibu mbele na nyuma unaposhona, vinginevyo mshono unakatika mteja akikaa mara ya kwanza.

Kujikunja kupanda juu, malalamiko makubwa kuliko yote, kunatokana na mambo matatu: mguu mfupi, tundu la mguu linabana kuliko paja lenyewe, au lastiki nyembamba kwenye pindo. Usiweke lastiki kwenye mguu. Pindo pana la sentimita 2.5 linatosha kushika.

Pamba tupu isiyovutika, kama bukta ya kitenge, inafaa kulalia. Kutembea nayo inajikunja na kushika jasho.

mrina_asali_Sikonge

Asali ni asali, siipingi, ndiyo inayotulisha. Lakini asali ni ya kidonda kinachofungwa bandeji ikabaki pale. Pajani itayeyuka kwa joto, itanata na nguo, sisimizi watakufuata mpaka kitandani, na iliyotoka mzingani moja kwa moja siyo safi ya kuwekwa kwenye ngozi iliyo wazi. Kutoka kwa nyuki unachohitaji ni nta.

Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za joto. Mwili uko 37. Ndiyo maana inabaki juu ya ngozi wakati mafuta mengine yamekwisha kutiririka. Mafuta ya mgando ya dukani yanatosha, usidharau, na kama unayo anza nayo. Yanahitaji kurudiwa kila baada ya saa 3 au 4. Yenye nta yanakaa zaidi.

Nta gramu 25, mafuta ya alizeti gramu 75. Huna mizani, nta ikiyeyuka pima kijiko 1 kwa vijiko 3 vya mafuta, hesabu inakaribiana. Wakati wa baridi, Juni na Julai, mafuta yaongezwe mpaka 80 kwa 20 la sivyo yatakuwa magumu kupaka.

Nta ya mtaani kwanza isafishwe. Ichemshe ndani ya maji, ichuje kwa kitambaa cha pamba, iache ipoe bila kuigusa. Itaganda juu kama sahani. Takataka zinakaa upande wa chini, zikwangue kwa kisu. Rudia. Kisha ikaushe kabisa, tone la maji likibaki ndani ya mafuta ndilo litakaloleta ukungu.

Kuyeyusha: sufuria ya maji jikoni, ndani yake bakuli au kopo lenye nta. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, ikizidi joto inawaka. Ikishayeyuka mimina mafuta ambayo nayo umeyapasha. Kosa la wengi ni kumimina mafuta ya baridi. Nta inaganda ghafla na unapata madonge. Ukipata madonge rudisha juu ya maji ya moto, hujaharibu kitu. Weka tone kwenye kijiko, subiri dakika 5, bonyeza: likivunjika ongeza mafuta, likitiririka ongeza nta. Mimina kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Usichote kwa kidole kilicholowa. Yakianza harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa.

Onyo moja: nta isiyosafishwa ina gundi ya nyuki, na wapo wanaopata mzio. Paka kidogo ndani ya mkono, chini ya kiwiko, siku 2. Pakiwasha au kuvimba, siyo yako.

Na haya ni ya kukinga ngozi nzima. Dada, wewe kwanza maliza kidonda.

mwana_Ujiji

Mwakeye. Naingilia kwa niaba ya mawese, maana Kigoma ndiko nyumbani kwake.

Mawese mekundu kwanza yataua nguo zako, ile rangi haitoki. Pili, ni mafuta ya chakula, hayakukusudiwa kukaa siku nzima kwenye joto na jasho. Yanachacha na kunuka. Mafuta ya mise, yale ya kokwa, ni meupe na hapa watu wengi huyapaka mwilini. Kwa ngozi kavu ya miguu ni mazuri. Kwa msuguano hayafai kwa sababu ileile aliyoieleza mrina: yanayeyuka kwenye nyuzi 25 hadi 28 hivi. Yakigusa paja tu ni maji, ukifika mwisho wa mtaa yamekwisha ingia kwenye nguo. Mafuta ya nazi kadhalika. Ila badala ya alizeti, mise yakichanganywa na nta yanafanya kazi, na yanakuwa magumu zaidi, kwa hiyo nta gramu 20 inatosha.

Sabuni za mawese zinazopikwa mtaani nazo ziangaliwe. Zinatumia kostiki, na sabuni iliyokatwa jana bado inaendelea kupikika ndani kwa ndani. Ikae wiki 4 hadi 6 kwenye hewa. Ikiwa changa, inachuna ngozi hata isiyo na kidonda.

Huku ziwani unyevu ni mwingi, na kuna tabia ambayo sidhani ni ya Kigoma peke yake: chupi na bukta zinaanikwa ndani, nyuma ya mlango, kwa aibu. Hazikauki, zinakuwa nusu mbichi na asubuhi zinavaliwa. Anika juani, upande wa ndani ukiwa nje, tandika kanga nyepesi juu kama unaona haya. Sabuni ya unga isuuzwe mara tatu, maji yasiwe na povu. Masalia yake kwenye kitambaa yakikutana na jasho ni sabuni tena, inakula ngozi siku nzima.

Kuhusu poda aliyoitaja dada, wapo wanaoikataa kabisa, mimi sikubaliani nao. Usiku, kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda, safu nyembamba inasaidia. Kosa ni kuipaka asubuhi kwa mtu atakayetoka jasho, au juu ya mafuta. Inakuwa tope, tope linakauka linakuwa kokoto. Na unga wa mahindi au wa muhogo badala ya poda, hapana, ni chakula.

binti_wa_Isevya

Nawashukuru sana, hasa hilo la tyubu. Nimegeuza nyuma, kweli ina "sone".

Machache yamebaki. Nikipanda baiskeli badala ya kutembea itasaidia au itaharibu? Kunyoa kunafaa? Weusi utaondoka? Na baba watoto atibiwe pia?

spoku_na_cheni

Baiskeli inategemea siti. Nyingi hapa Tabora siti iko chini mno, mtu anapiga pedali magoti yametoka nje na mapaja yanasugua pua ya siti pande zote. Kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikunjika, pandisha siti. Ukilazimika kuinamisha nyonga ili kufika, umepandisha mno, na nyonga inayoyumba inasugua mara mbili zaidi. Pua ya siti ilale sawa na ardhi. Ikielekea juu inachoma msamba, ikielekea chini unateleza mbele kila wakati.

Siti pana yenye springi ni ya kukaa wima. Mwenye kuinama mbele achukue nyembamba. Ngozi ya siti iliyopasuka ifunikwe, ile mipasuko ni visu. Lakini subiri kidonda kifunge kwanza, wiki hii usiipande.

tabibu_wa_zamu

Kunyoa kwa wembe karibu na kidonda, hapana. Vinyweleo vinavyoota upya ni vigumu, vinachoma paja la pili, na vingine vinaotea ndani na kuleta vipele vya usaha. Punguza kwa mkasi au mashine, siyo siku ya kabla ya safari ndefu.

Weusi ni kovu la rangi, ngozi inajihami kila inapoumizwa. Msuguano ukikoma unapungua wenyewe, lakini ni kwa miezi, siyo wiki. Mkorogo, ndimu na magadi vinaiumiza ngozi upya, nayo inajibu kwa weusi mwingine. Ukiona weusi mzito kama mahameli na shingoni au kwapani pia upo, hilo ni jambo jingine: pima sukari. Fangasi wanaorudi kila mwezi licha ya dawa sahihi nao ni sababu ya kupima. Ni kipimo cha asubuhi baada ya kukaa bila kula kwa muda wa saa nane, ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kinarudiwa siku nyingine kuthibitisha. Ni vema kupima na VVU kwa wakati mmoja, kwa kuwa kinga ikishuka fangasi hawatulii.

Baba watoto: kama hana dalili hahitaji dawa. Taulo zitenganishwe, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Chupi za siku za matibabu ziwe za pamba, zichemshwe au zipigwe pasi ya moto kwenye msamba. Bukta ya spandeksi usiichemshe, italegea.

Usisubiri kabisa ukiona haya: weusi au uvimbe wenye joto unaosogea mbele kila saa chache, usaha au ukoko wa manjano, homa, mtoki uliovimba na kuuma, au maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana. Hiyo ni bakteria, inataka vidonge na huenda sindano, siyo malhamu. Hata bila hayo, ukifuata yote siku 7 na hakuna unafuu, nenda kituo cha afya wakuone kwa macho. Inawezekana tulichokisoma hapa sicho.

Mjamzito akisoma hapa: klotrimazoli ya kupaka ni sawa. Flukonazoli ya kumeza usijinunulie.

DLDM_Nzega

Nyongeza moja ambayo watu wanaona haya kuuliza. Mafuta ya mgando, ya nta, ya mise, yote yanalegeza mpira wa kondomu na unapasuka. Wenye kutumia kondomu wajioshe na kujifuta vizuri kwanza. Krimu nyingi za fangasi nazo zina mafuta.

binti_wa_Isevya

Nimeelewa. Fundi, bukta ngapi zinatosha kwa kuanzia?

fundi_cherehani_Ngambo

Tatu. Moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kwenye pochi ya kubadilisha mchana ikilowa. Masika ongeza ya nne, maana ya kwenye kamba itakuwa bado mbichi.